Mlango Uliovuka Mpaka

Mwanamke ambaye habari zake zinafuata ni seremala, na wanaomfahamu humwita Kipimo. Jina hilo alipewa na kaka zake angali mdogo, kwa sababu hakuweza kupita karibu na kitu bila kutaka kujua upana wake. Alipima meza, alipima kuku, na siku moja alimpima mgeni wa baba yake aliyekuwa amejilaza mkekani, kuanzia kisigino hadi utosi, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba mgeni huyo hatatosha kwenye kitanda alichoandaliwa. Mgeni alicheka sana. Alipokwenda kulala, miguu yake ilibidi iwekewe stuli.

Baba yao alikuwa fundi wa milango. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati, na benchi lake la kazi lilikuwa limebonyea katikati kwa miaka mingi ya nyundo. Vitanda na makabati aliwaachia wengine. Alisema kitanda hakimpi fundi heshima, kwa kuwa anayekitumia amefumba macho. Katika milango alikuwa na kanuni ambazo wanawe walizijua kama wanavyoijua njia ya chooni gizani. Upande wa ubao wenye sura nzuri zaidi, ule ambao mistari ya mti imetulia, aliuelekeza ndani ya nyumba, na mgongo wake ndio uliotazama barabara. "Mlango ni wa mwenye nyumba," alisema. "Mpita njia na atazame njia." Tena mlango wenye kiraka haukutoka katika karakana ile. Shimo la bawaba likikosewa, hata kwa unene wa ukucha, ubao uligeuzwa rafu, kwa sababu, kama alivyozoea kusema, kiraka ni cha nguo.

Na kila mtoto wake aliyefunga ndoa alipewa mlango. Baba hakutoa vyombo wala godoro. Alitoa mlango, akaenda mwenyewe kuupachika, na kwa hesabu yake siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya harusi.

Dada yake Kipimo, wa tatu kuzaliwa, aliolewa bila mlango.

Alimpata mume wake, fundi wa majokofu kutoka nchi ya jirani, kijana huyo alipokuja kufunga vyumba vya baridi katika machinjio ya mji wao. Baba aliomba asubiriwe kidogo aulizie watu wa kijana yule ni akina nani. Hawakumsubiri. Kazi ya machinjio ilipokwisha, fundi aliondoka na vifaa vyake na binti wa seremala, na baba alisema neno moja tu: "Aliyejua kutoka bila kuaga, mlango wa nini?" Tangu hapo hakumtaja. Mama alizungumza na binti kwa simu akiwa jikoni, bomba likiwa wazi ili maji yafunike maneno. Kila mtu nyumbani alijua maana ya bomba lile, baba akiwamo, na kila mtu alijifanya anafikiri ni vyombo vinaoshwa.

Mambo yalibadilika mwaka ambao baba alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mguu. Alikaa muda mrefu akiutazama ukuta, na asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, aliuuliza ukuta huo: "Mlango wa yule mtoto una upana gani?"

Hakuna aliyeuliza mtoto yupi. Mama aliingia jikoni na kutoka na vipimo vyote kabla chai haijapoa: upana, urefu, unene wa fremu, na kwamba bawaba zikae kulia kwa mtu aliyesimama nje. Vipimo hivyo, ni wazi, havikuwa vya kuulizwa siku ile. Alikuwa navyo siku nyingi, akivingojea viulizwe. Lakini kuna swali moja ambalo halikumjia yeye wala mtu mwingine yeyote katika karakana ile, kwa sababu katika mji wao halikuwa swali.

Baba aliutengeneza mlango akiwa ameegemea gongo, akachonga mashimo ya bawaba kwa mkono wake ili kule ugenini ibaki kazi ya kukaza skrubu tu. Kwa kuwa hakuweza kusafiri, aliyetumwa ni Kipimo, msichana ambaye wakati huo alikuwa hajavuka hata daraja la mwisho la mji wao. Mlango ulizungushiwa blanketi, na kila kona ikafungiwa kipande cha ubao ili isigongwe njiani. Maagizo yalikuwa mafupi.

"Mlango ukikubali kukaa, upachike, kisha urudi. Ukikataa, rudi nao."

"Si nitauacha kwa dada, baba, atafute fundi?"

"Sitaki mlango wangu uegemezwe ukutani kama mgonjwa. Ukirudi nao nitajua haikuwa riziki, na sitarudia."

Hivyo ndivyo msichana alivyobeba safarini kitu kizito kuliko ubao.

Mpakani, ofisa wa forodha aliuzunguka mzigo ule mara kadhaa kabla ya kusema.

"Hiki ni nini?"

"Mlango."

"Mlango nauona. Nyumba iko wapi?"

"Nyumba imetangulia. Mlango ndio uliochelewa."

Wenzake wakacheka, naye akajikaza asicheke. "Wa biashara huu?"

"Wa dada yangu. Baba yetu kamtengenezea."

"Kwani huko aliko hakuna milango?"

"Ipo. Lakini haina baba."

Ofisa aliingiza kiganja chini ya blanketi, akaupapasa ubao, akachora alama ya chaki. "Pita, mwenye mlango. Ukifika ubishe hodi."

Wengi nilionao katika kanda zangu za sauti, mimi ninayekusanya habari za waliovuka mpaka, wakiulizwa siku yao ya kwanza katika nchi ya watu, hutaja majengo au bei ya vitu. Kipimo alitaja swichi. Huko, alisema, taa iliwashwa kwa kubonyeza juu, na yeye vidole vyake vilikwenda chini vyenyewe, siku zote alizokaa. Magari yalipita upande ambao alikumbuka kuutazama mwisho, na mara mbili shemeji yake, aliyekuja kumpokea kituoni, alimvuta kwa mkoba kama mtu anayevuta mbuzi aliyegoma. Ghorofa waliyoiita ya kwanza kwao ingeitwa ya pili, jambo ambalo alilitafakari kwa kina, maana aliona fundi wa nchi moja anaweza kutumwa na fundi wa nchi nyingine akapachika dirisha katika nyumba ya mtu asiyehusika. Kiswahili chao alikielewa chote, ila kilipanda pale ambapo cha kwao hushuka, hata akadhani kila mtu anauliza kitu. Aliwajibu watu wengi ambao hawakuwa wamemwuliza chochote.

Kati ya kituo na nyumbani shemeji aliomba wasimame kwenye duka la dawa. Mlango ulikuwa juu ya mkokoteni, mwenye mkokoteni ameukalia ukingo wake. Kipimo alikwenda kusubiri mlangoni mwa duka, karibu kabisa, kama watu wa kwao wanavyosubiri, na shemeji alipotoka, mlango ulimjia Kipimo usoni ukampiga kipaji cha uso.

"Pole, shemeji. Rudi nyuma kidogo. Huku milango inafungukia nje."

"Huu wa duka?"

"Yote. Kwani kwenu inaingia?"

"Mlango huingia, shemeji. Utoke nje uende wapi?"

Hapo ndipo alipoona kwamba mkononi shemeji ameshika pakiti ya nepi. Alitaka kuuliza, lakini swali jingine lilikuwa limeshatangulia. Alikwenda kwenye mkokoteni, akaweka mkono juu ya blanketi, mahali ambapo alijua bawaba ya juu imechongewa, kwa upande wa ndani, na akabaki hivyo hadi mwenye mkokoteni akamwuliza kama mzigo una homa.

Njia nzima alitazama milango. Alitazama wa kinyozi, wa mashine ya kusaga, wa ofisi iliyokuwa na bendera, wa nyumba za watu. Aliona jinsi wanaobisha hodi wanavyogonga kisha kurudi nyuma hatua, mikono mbele, wote, wakubwa kwa wadogo, bila kufikiri, na jinsi wanaofungua wanavyosukuma taratibu huku wakichungulia. Jambo hilo lilimvutia hata akasahau kwa muda kwamba lilikuwa msiba wake. Alikuwa akitafuta mlango mmoja tu wa kumtetea baba yake, na mji mzima haukumpa.

Dada yake alikaa ghorofani, katika chumba kimoja kilichopakana na vingine kwenye veranda ndefu, ngazi zikiwa upande wa kushoto. Mlango wa zamani, wa mbao ya kiwandani iliyovimba kwa unyevu, ulisukumwa kwa bega kutoka ndani. Kipimo alirudi nyuma kwa wakati. Dada alitokea akiwa na mtoto mchanga kiunoni.

"Umekonda," dada alisema.

"Na wewe umezaa."

"Nimezaa."

"Baba anajua?"

"Baba kajua nini changu tangu niondoke? Mama anajua. Ingia."

Walipoufungua mzigo, dada alimkabidhi mume wake mtoto, akapiga magoti, akautelezesha mkono juu ya ubao kutoka chini hadi juu. Kisha aliunusa, kama watoto wa karakana wanavyonusa mbao ili kujua zimekauka, na ndipo alipouliza, bila kugeuka:

"Kautengeneza mwenyewe?"

"Kwa mguu mmoja."

Waliusimamisha mahali pake kwa majaribio. Upana ulikuwa sawa, urefu ulikuwa sawa, hata uzi wa mwanga haukupita pembeni. Lakini bawaba zilikuwa upande wa ndani. Mlango ulitaka kuingia chumbani, na chumbani, nyuma ya mlango, kilikuwa kitanda cha mtoto. Kitanda cha wakubwa kilishika ukuta wa pili, jiko na meza ukuta wa tatu, na wa nne ulikuwa dirisha na jokofu ambalo shemeji alikuwa akilitengeneza kwa ajili ya mtu na ambalo, kwa maelezo ya mke wake, lingemalizika siku ya kiyama.

"Si uugeuze tu?" shemeji alisema. "Mbele iwe nyuma."

"Nikiugeuza, bawaba zitahamia kushoto, na kushoto ndiko ngazi. Mtu akipanda na ndoo utamrudisha chini. Tena mgongo wa ubao ndio utakaowatazama humu ndani maisha yenu yote."

"Sasa?"

Kipimo alijua dawa, na ndiyo iliyomtesa. Yalitakiwa mashimo ya bawaba yazibwe kwa vipande vya mbao, yachongwe mapya upande wa nje wa ukingo uleule. Hicho kilikuwa kiraka. Kuutia kiraka mlango wa baba bila idhini yake kulikuwa kumwambia kazi yake imekosewa. Kurudi nao kulikuwa kumwambia binti yake ameukataa. Dada naye aliliona hilo bila kuelezwa.

"Ukiurudisha," alisema, "usinipigie kuniambia kasema nini."

Kutoka mlango wa jirani, mama mmoja fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa uzi alikuwa akifuatilia kila kitu kwa uwazi wa mtu asiye na haya ya ujirani.

"Nasikia tatizo ni kiraka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Baba yako anavaa suruali?"

"Anavaa."

"Ina kiraka?"

"Ile ya kazini. Kwenye goti."

"Basi yeye na kiraka wanafahamiana. Mpigieni."

Hapa masimulizi yanatofautiana. Kipimo anasema yeye ndiye aliyebonyeza namba ya mama, ili apate shauri kwa siri. Dada yake anasema simu ilikuwa mkononi mwake na kwamba alikuwa ameshaamua. Wanakubaliana kwamba simu iliwekwa spika juu ya kitanda cha mtoto, kwamba ilipokelewa upesi, na kwamba bomba halikusikika. Kwa kukosekana kwa sauti ile ya maji, wote wawili walijua kabla hajasema kwamba aliyepokea si mama.

"Mlango umefika?"

Kipimo alifungua kinywa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya dada.

"Umefika, baba. Shikamoo."

Shemeji aliinama kuangalia kama salio limekwisha.

"Marahaba. Umekaa?"

"Haujakaa."

"Upana umezidi."

"Upana sawasawa. Urefu sawasawa. Huku milango inafungukia nje."

"Nje." Baba alilitafuna neno lile. "Utoke nje uende wapi?"

Shemeji aliufunika mdomo wake kwa nepi.

"Kwenye veranda, baba. Ndani haiwezekani, kuna kitanda."

"Kisogezeni."

"Hakisogezeki. Chumba ni kidogo. Ni kitanda cha mtoto."

Kipimo anasema alisikia gongo likiwekwa chini, na mtu akikaa kwenye benchi.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Wa kiume?"

"Wa kike. Ameanza kukaa."

"Ameanza kukaa," baba alirudia. "Kumbe mna mchumba wangu huko, mmemficha nyuma ya mlango, halafu mnanipa habari za upana."

Baba hakungoja jibu. "Mdogo wako yupo?"

"Nipo, baba, nasikia."

"Zile kona nilizoufungia mlango umezitupa?"

"Zipo."

"Ni za ubao uleule. Kata kipande hapo, mistari ifuatane na ya mlango, uzibe mashimo, uchonge upya kwa nje. Na gundi ikauke kabla hujashika patasi. Nakujua una haraka."

"Baba, hicho ni kiraka."

"Unanifundisha jina lake? Uliwahi kunisikia nikisema mlango umponde mchumba wangu?"

Kipimo aliona ni vizuri achukue msumeno aende veranda. Dada alizima spika, akaibana simu sikioni, akakaa kitandani akiupa mlango mgongo. Walichozungumza baba na binti baada ya hapo hakimo katika habari hizi. Kipimo alikuwa nje akikata kona za ubao, na wenyewe wawili, kila nilipojaribu kuwauliza kwa njia yoyote niliyofundishwa, walinijibu kwamba walizungumza habari za gundi.

Gundi iliachwa ikauke. Kesho yake Kipimo alichonga mashimo mapya, shemeji akishika mlango na jirani akishika mtoto na kutoa maoni. Kiraka kilionekana, kwa anayejua pa kutazama: mstari mwembamba kwenye ukingo, rangi ileile, mti uleule. Walipoukaza mlango na kuufungua hadi mwisho, ukalalia ukuta wa veranda, Kipimo aligundua jambo ambalo lilimfanya akae chini kwenye vumbi la mbao alitazame vizuri. Kwao, mlango ukiwa wazi, sura yake nzuri huelekea ukutani, na kwa miaka yote ya karakana hakuna mpita njia aliyewahi kuiona. Huku, mlango ukiwa wazi, mgongo ndio uliokwenda ukutani. Sura nzuri ilikaa nje kwenye jua, mistari ya mti imetulia, na watu waliopanda ngazi na ndoo zao walisimama kidogo wakaigusa.

Alimpigia baba kumweleza, kwa hofu kidogo, kwa kuwa kanuni ilikuwa imevunjika bila mtu kuivunja.

"Kutwa nzima iko nje?" baba aliuliza.

"Kutwa nzima, baba. Kila mtu anaiona."

"Jioni je?"

"Ukifungwa inaingia ndani, inawatazama wao."

Baba alifikiri. "Basi mpita njia aazime mchana."

Siku hizi karakana ni ya Kipimo, na mteja akija na vipimo huulizwa kwanza mlango wake unafungukia wapi. Wengi humtazama kama mtu aliyeulizwa maji hutiririka kwenda juu au chini. Yeye husubiri jibu.

Baba aliupata mguu wake baada ya miezi kadhaa, na jambo la kwanza alilofanya nao ni kuvuka mpaka. Hakutaka kupokelewa. Alipanda ngazi mwenyewe na gongo lake, akaukuta mlango umefungwa, akasogea karibu kabisa kama watu wa kwao wanavyosogea, akabisha hodi. Binti yake akasukuma.

Shemeji anasema baba alicheka. Dada anasema hakucheka hata kidogo, kwamba alishika kipaji cha uso kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akaushika ukingo wa mlango, akautafuta ule mstari mwembamba kwa kidole gumba, akaufuata kutoka juu hadi chini kabla hajamwangalia mtu. Kisha akamwambia binti aufunge. Binti alipoufunga alisikia hatua moja ikirudi nyuma kwenye veranda, na gongo, na halafu mlango ukabishwa upya.